Msimu Aliochechemea Dessie

Oktoba 24

Dessie sasa hivi amevuka jiko lote akichechemea. Nimeacha mayai yaungue, nikamkamata, nikamkalisha juu ya meza, nikamvua soksi nitafute kijiti, kipande cha chupa, chochote. Hakuna kitu. Mguu mzima, mnono, unanukia sabuni. Nikamuuliza, "Panauma wapi, mama?" Akacheka, akateleza chini, akaanza tena: mguu wa kushoto unakanyaga, wa kulia unaburuta, mkono mmoja kiunoni.

"Anko Kem," akasema.

Nimecheka mpaka machozi. Ni Clem mtupu! Clem Tolliver ndiye mkubwa kwa umri katika timu ya mume wangu, thelathini na nne. Jumapili alikuja na mkewe Yvonda kula kambare wa kukaanga, na Dessie alimfuata nyuma siku nzima kama kifaranga. Miaka miwili tu na tayari anaiga watu.

Marvell aliporudi mazoezini nikamwambia, tazama mwanao. Hakucheka. Alimwangalia akienda na kurudi, kisha akasema, "Tangu lini Clem anatembea hivyo?"

"Si kazeeka."

"Uzee hautembei hivyo, Nita." Akaenda kuoga.

Msimu wa mpira wa kikapu unaanza wiki ijayo na nimeamua kuandika. Niliacha shule darasa la kumi na moja kwa sababu ya huyu huyu mchechemeaji, kwa hiyo atakayesoma asinicheke. Ninachoomba mwaka huu ni kimoja tu: mume wangu afunge mdomo, timu isimwache. Mwaka juzi alikataa kupiga picha na seneta. Mwaka jana aliwaambia waandishi kwamba tajiri wa timu anabomoa nyumba za kaskazini mwa St. Louis ili watu wa vitongojini wapate pa kuegesha magari. Ni kweli, ya bibi yangu ilikuwa mojawapo. Lakini wakamtoza faini, na redioni wakaanza kumwita Mdomo. Mkataba wake ni ule wa watu wasio na jina kubwa: mpaka tarehe kumi Januari wanaweza kumtoa siku yoyote waamkayo vibaya. Ikipita hiyo, lazima wamlipe mpaka msimu uishe.

Basi naomba Januari.

Oktoba 30

Mvua. Dessie ana mafua. Marvell alifunga pointi kumi na nane mechi ya majaribio.

Novemba 5

Mechi ya kwanza ya nyumbani, tumeshinda. Baada ya mechi wake za wachezaji tunasubiri kwenye chumba chetu chini ya jukwaa. Kuna mikate iliyojazwa nyama na makochi mawili, na hakuna aliyekuandikia pa kukaa lakini ole wako ukikaa kochi la mke wa nyota. Mwaka wa kwanza nilikaa. Yvonda ndiye aliyeninyanyua kwa mkono bila kunifedhehesha, akanibana ubavuni mwake, na tangu hapo ni dada yangu. Amenifundisha viatu gani nivae, nani asalimiwe kwanza. Sheria ya kwanza aliyonipa: "Yanayosemwa humu, mdogo wangu, yanafia humu."

Leo nilimsimulia jinsi Dessie anavyomwiga Clem. Nilitaka acheke. Nikamwambia Dessie aonyeshe, akaonyesha, wenzetu wote wakaangua kicheko. Yvonda alinishika mkono akanivuta mpaka chooni, akafunga mlango.

"Mwambie mtoto aache."

"Dada, ni mchezo tu—"

"Kuna ufa kwenye mfupa, Renita. Mguu wa kulia, hapa juu ya kifundo. Nimeiona picha ya mfupa kwa macho yangu. Daktari wa timu anamdunga ganzi kabla ya mechi, na mapumziko anamdunga tena. Akirudi nyumbani anavua kiatu anaangalia kama kuna damu, kwa sababu hasikii kitu. Juzi alikanyaga kigae kilichovunjika jikoni akaendelea kutembea nacho."

Nikamuuliza kwa nini hapumziki. Akanitazama kama anavyonitazama Mama nikiuliza jambo la kitoto. "Ana umri gani Clem? Nani atampa mkataba mwingine mtu wa magongo?" Kisha akajipaka upya rangi ya mdomo. "Umesikia? Yanafia humu."

Novemba 6

Nimemwambia Marvell. Sikuweza kulala nalo. Ni mume wangu, na ni Clem.

Alisema habari ya sindano kila mtu anaijua, lakini ufa hakuna aliyeambiwa. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Nikamwambia, usiseme. Akasema, "Nimesema nini?"

Novemba 9

Hajasema. Asante Mungu.

Novemba 11

Amemfuata Clem kwenye gari lake baada ya mazoezi akamwomba aombe mapumziko. Clem akamwambia, "Dogo, chunga mguu wako." Akaondoka. Baridi imeanza kweli.

Novemba 14

Ameshasema.

Niandike vizuri. Mechi ikiisha milango ya chumba cha kubadilishia hufungwa dakika kumi watu wapoe, halafu waandishi wanaingia na kila mchezaji anatakiwa awe mbele ya kabati lake. Asiyetaka kuulizwa hujificha bafuni, maana waandishi hawaruhusiwi huko. Wengine hukaa chini ya maji mpaka waandishi wachoke. Clem siku hizi hatoki kabisa. Marvell hajawahi kujificha. Hukaa pale na taulo kiunoni, anasubiri kama mtu anayengoja basi lake.

Jana tumefungwa. Clem alicheza dakika arobaini. Mmoja akamuuliza Marvell kwa nini timu imechoka mwishoni. Akajibu, "Muulizeni daktari wetu kwa nini anamdunga ganzi mtu mwenye mfupa uliopasuka. Kisha mtuulize kuhusu kuchoka."

Asubuhi simu imelia mpaka nimechomoa waya. Mama amekuja mwenyewe, amesimama mlangoni na theluji kwenye kofia. "Mumeo ana akili, sikatai. Ila hiyo akili ingekuwa inakaa ndani, nyumba ingekuwa na joto zaidi."

Jioni nikafungua redio. Kocha amesema hakuna mchezaji mwenye mfupa uliopasuka. Daktari amesema ni uvimbe mdogo. Halafu wakamleta Clem. Naijua ile sauti, ndiyo anayomwambia nayo Dessie "njoo kwa anko." Akasema, "Mguu wangu mzima. Haujawahi kuniuma. Marvell ni kijana mzuri, ila anapenda kusikia sauti yake." Mtangazaji akacheka, na Clem naye akacheka.

Marvell alikuwa anamlisha Dessie. Kijiko kilisimama hewani. Dessie akasema, "Anko Kem!" akanyoosha mkono kuelekea redio.

Novemba 15

Yvonda hapokei simu.

Novemba 17

Chumba cha wake. Nimeingia, mazungumzo yakazimika. Nikaenda kwa Yvonda, nikamwambia dada nisamehe. Akaniangalia vile watu wanavyoangalia doa. "Nilikuambia wapi?" "Chooni." "Basi ungeliacha chooni." Akahamisha mkoba wake juu ya kiti cha pembeni yake ili nisikae.

Nimesimama na Dessie mgongoni mpaka Marvell akatoka. Nilimkasirikia yeye. Naandika ukweli: nilimkasirikia yeye, si Yvonda. Wote walikuwa wanatupenda.

Novemba 28, Sikukuu ya Shukrani

Tumekula kwa Mama. Bata mzinga, mboga za majani zilizopikwa na nyama ya shingo, pai ya viazi vitamu. Viti vya Clem na Yvonda tuliviacha kwa mazoea, kisha mjomba Royce akakalia kimoja na sahani mbili.

"Mkwe wangu Mdomo," akasema. "Hebu ombea chakula, lakini kwa kifupi."

Watu wakacheka, hata Marvell. Akaomba kwa kifupi.

Desemba 6

Marvell kawekwa benchi. Dakika sifuri.

Desemba 8

Benchi.

Desemba 11

Benchi. Theluji mpaka magotini. Mtu ametupa mayai kwenye gari letu na yameganda, nimeyakwangua kwa ukingo wa sahani.

Desemba 12

Redioni mtu mmoja amepiga simu akasema kijana kama huyo ashukuru analipwa kwa kurukaruka, kwao wangekuwa wanamlipa nini. "Kwao" Marvell ni mitaa kumi na miwili kutoka hapo aliposema anapigia.

Desemba 21

Clem amefunga ishirini na sita. Uwanja wote umesimama ukiliimba jina lake. Mimi nilitazama mguu. Sasa nikianza kuutazama siwezi kuacha. Anapotua, anatua kwa wa kushoto tu. Wa kulia unafuata baadaye kama mzigo. Dessie alikuwa amesimama juu ya mapaja yangu, na watu walipopiga makofi akashuka kwenye ngazi akachechemea. Nikamkamata haraka nikamfunika na koti. Nikainua macho, Yvonda alikuwa ananitazama kutoka safu ya mbele. Safari hii hakuwa na hasira usoni. Sijui ilikuwa nini.

Desemba 30

Wamemwita Marvell ofisini. Wamempa karatasi asome mbele ya kamera: kwamba alisema bila uhakika, kwamba daktari ni mtu mwadilifu, kwamba anamwomba radhi Clem na mashabiki. Akisoma, atacheza. Asiposoma, tarehe kumi haijafika.

Alirudi akaniwekea karatasi mezani. "Soma wewe kwanza."

Nikasoma. Maneno mengine magumu lakini niliyaelewa.

"Nita, niambie ufa haupo, nami nitasoma sasa hivi."

Nilimwambia ufa upo. Nikamwambia pia kwamba Dessie yupo. Kwamba Clem mwenyewe mtu mzima kasema mguu mzima, sisi ni nani tumbebe mtu asiyetaka kubebwa? Nikamwambia nimechoka kusimama kwenye chumba kile kama mwizi. Nilipiga magoti, kweli, kwenye zulia, na Dessie akaja akapiga magoti pembeni yangu akidhani tunasali.

Hilo ndilo lililomvunja. Akamnyanyua mtoto. "Sawa," akasema. "Sawa, inukeni."

Januari 3

Amesoma. Sauti yake ilikuwa ya mtoto wa shule. Kocha alimpigapiga begani. Clem akamkumbatia mbele ya kamera, na Marvell anasema Clem alimnong'oneza, "Asante, dogo."

Januari 5

Amecheza dakika kumi na mbili! Pointi tisa!

Januari 10

Imepita! Nimekaa karibu na simu kutwa nzima. Haikulia. Nimeoka keki ya siagi, imeungua pembeni, tumekula hivyo hivyo. Mama alipiga saa tatu usiku akasema, "Haya, sasa pumueni." Nimepumua.

Jambo moja tu. Marvell alirudi na ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima. Nikauliza. Akasema, "Nilikaa bafuni mpaka waandishi wakaondoka."

Januari 17

Vidole.

Januari 22

Vidole. Mto umeganda kando kando, katikati bado unakwenda.

Januari 29

Yvonda ameniachia kiti. Hakusema kitu, aliondoa mkoba tu. Nikakaa. Tulikula mkate nusu kwa nusu kama zamani. Nilitaka kufurahi, lakini mkono wake ulikuwa wa baridi, na kila mlango ulipofunguliwa alishtuka.

"Anakunywa vidonge sita asubuhi," akaniambia bila kugeuza uso. "Usimwambie mumeo."

"Simwambii."

Na sikumwambia.

Februari 8

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi.

Jana, robo ya nne, tunaongoza kwa pointi nne. Clem aliruka kudaka mpira uliogonga chuma cha kikapu. Hakuna aliyemgusa. Naandika hilo kwa sababu leo wanasema aligongwa. Alitua. Tulisikia. Uwanja wa watu elfu kumi na tano, muziki, kelele, na sisi safu ya wake tulisikia, kama mtu kavunja ubao kwenye goti lake. Clem hakupiga ukelele. Hilo ndilo baya kuliko yote, alikuwa na ganzi. Alijaribu kusimama! Alisimama, akachukua hatua, na mguu ukakunjika mahali pasipo na kiungo. Akautazama kwa mshangao tu, kama ni mguu wa mtu mwingine.

Yvonda aliruka kizuizi na viatu vyake virefu. Marvell alifika kwanza, akamlaza Clem, akamfunika mguu uliokuwa ukitoka damu kwa taulo yake ili asiuone.

Dessie aliuliza, "Anko anafanya nini?" Nikamziba macho. Nilichelewa kuziba.

Baada ya mechi Marvell hakwenda kuoga. Dakika kumi zilipoisha na milango ikafunguliwa, alikuwa mbele ya kabati lake, amevaa vile vile, jasho na damu ya Clem. Wakamwuliza ajali imetokeaje. Akasema, "Si ajali. Nilisema Novemba. Januari mlinisikia nikisema nilidanganya. Januari ndipo nilipodanganya."

Hakusema alidanganya kwa ajili ya nani. Waandishi walimwuliza mara mbili, ameniambia mmoja wao. Hakusema.

Februari 10

Wamemwacha. Taarifa mistari miwili. Watamlipa mpaka msimu uishe, lakini mtu wake wa mikataba amepiga kila timu, na kila timu imesema ilikuwa inatafuta mchezaji wa aina nyingine.

Redioni: Mdomo anashangilia mguu wa rafiki yake.

Februari 11

Mtoto, nepi, supu. Marvell hajatoka kitandani.

Februari 19

Anampeleka Dessie bustanini kwenye theluji. Wanarudi na pua nyekundu wote wawili. Mpira haugusi. Umelala chini ya ngazi.

Machi 4

Mguu wa Clem umeingia usaha. Wamempasua mara ya tatu. Nimekwenda hospitali na supu, muuguzi akaniambia ndugu tu. Nimeiacha mezani kwake. Ukungu, mvua juu ya barafu.

Machi 13

Yvonda amekuja. Nilifungua mlango nikamwona na kitambaa kichwani, hana rangi ya mdomo, na sikumjua kwa nukta moja. Aliketi jikoni pale pale Clem alipoketi Oktoba.

"Hawatalipia mguu," akasema. "Daktari wao ameandika kwamba ulikuwa mzima mpaka usiku ule. Kwamba Clem hakuwahi kulalamika, na redioni alisema mwenyewe. Wana kanda."

"Na picha uliyoiona?"

"Haipo. Wanasema haikuwahi kupigwa."

Marvell alikuwa mlangoni. Yvonda akamgeukia. Nilidhani atalia, lakini alikuwa amekauka. "Shemeji, ungeendelea kusema."

Marvell hakunitazama hata kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimesimama na birika mkononi, na ningeweza kuacha ipite. Nikasema, "Ni mimi, dada. Nilimpigia magoti asome ile karatasi."

"Hata mimi ningepiga," Yvonda akasema. Kisha, "Chama cha wachezaji kitasikiliza kesi Aprili. Clem hataki kuongea. Anasema ataonekana mwongo nchi nzima. Nitaongea mimi. Lakini mke akimsemea mumewe wanasema anatafuta hela. Nataka mtu mwingine aliyeambiwa kabla ya mguu kuvunjika. Niliyemwambia ni wewe peke yako."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Sijawahi kusema mbele ya watu. Shuleni nilikuwa naomba kwenda chooni zamu yangu ya kusoma ikikaribia.

Machi 20

Mke wa nyota amepiga simu. "Mpenzi, ya kwenye chumba chetu yanabaki kwenye chumba chetu. Fikiria Marvell anaweza kupata timu mwakani kama mkikaa kimya." Sauti tamu kabisa. Mwaka jana ningemshukuru.

Nimemwuliza Marvell. Akasema, "Mimi nimeshasema yangu. Hili ni lako, na sikupigii magoti wala sikushiki mdomo."

Machi 31

Joto kidogo. Barafu imekwisha mtoni.

Aprili 9

Tuko kwenye korido ya jengo la mahakama ya kazi, chama kimekodi chumba humu. Naandika juu ya goti. Yvonda ameingia saa nzima sasa. Marvell amekwenda kutafuta maziwa ya Dessie.

Clem ameletwa. Hatukutegemea. Kaka yake amemsukuma kwenye kiti cha magurudumu, akamwacha ukutani mbele yetu na kwenda kuvuta sigara. Amekonda, shati linamning'inia. Ameniambia "Renita" na mimi nimemwambia "Kaka Clem," basi. Akatazama sakafu.

Sikumwachia Dessie, ameteleza mwenyewe. Hajachechemea tangu Februari, nilidhani amesahau. Lakini alipomwona, uso ukawaka, na akafanya ile salamu yao: mkono kiunoni, wa kushoto unakanyaga, wa kulia unaburuta, njia nzima ya korido mpaka kwenye goti lake.

Clem alimtazama akija. Alicheka, halafu kicheko kikakatika katikati.

"Nani kakufundisha kutembea hivi, bibie?"

"Anko," Dessie akasema, akimgusa kifuani kwa kidole.

Akaninyanyulia macho. "Tangu lini anatembea hivi?"

"Tangu Oktoba, Kaka Clem. Kabla hata msimu haujaanza."

Amejifunika uso kwa mikono yake miwili mikubwa ile. Dessie anadhani ni mchezo wa kujificha, anavuta kidole kimoja kimoja. Sasa Clem anaongea ndani ya viganja, kwa sauti ndogo, ananiuliza mimi au anajiuliza mwenyewe, kama mlango wa chumba kile unatosha kiti cha magurudumu. Nimemwambia unatosha.

Yvonda amefungua. Amemwona mumewe, ameshika fremu ya mlango. "Mdogo wangu, ni zamu yako. Wanakuita." Nimemwambia nimalize mstari. Nataka niandike kabla sijaingia, ili hata nikikwama nijue nilikusudia, kwamba nikifika pale mbele nitaanza na niliyoambiwa chooni, niseme wazi ni nani alimwomba Marvell anyamaze, na kama Clem akiingia nyuma yangu basi nitamshikia mlango.